Mtu wa Ndani

3 Machi

Dada yangu kipenzi,

Shikamoo. Salamu hizi zigawe, mama apate fungu kubwa, na jirani yule asiyenipenda umpe makombo. Mimi mzima, chuma cha pua.

Kazini wametupima tabia. Maswali arobaini, eti ijulikane kila mtu ni wa aina gani. Wenzangu walitoka jasho. Mimi niliyezunguka bandari tatu nilimaliza wa kwanza. Swali la tisa: "Wewe ni mtu wa ndani au mtu wa nje?" Nikacheka. Mtu wa nje si mgeni, asiyejua siri za wakubwa? Nikatia tiki: wa ndani! Na cheo hicho kimekuja: nimekabidhiwa stoo ya mafaili, chini ya jengo, peke yangu. Ufunguo nambari kumi na nne. Kitanda changu bwenini, kumi na nne. Jezi ya marehemu baba, kumi na nne! Sadfa tatu zikigongana, dada, hiyo ni barua kutoka juu.

Mdogo wako, Redio


20 Mei

Dada,

Shikamoo. Hamjambo? Sijambo. Stoo haina dirisha. Mlango unafungwa kwa nje hadi saa kumi, eti mafaili ni siri. Yanapitishwa kwenye tundu la ukuta kutoka stoo ya pili. Naona mkono tu. Leo mkono ulikuwa na pete mpya. Nikasema hongera. Mkono ukaondoka.

Kumi na nne bado naiona. Ndiyo majaaliwa.

Mdogo wako


2 Juni

Mdogo wangu Redio,

Marahaba. Sisi wazima, mguu wa mama umepungua uvimbe. Nilimsomea barua yako, ikaisha kabla hajakaa vizuri. "Ndiyo yote?" akauliza. Wewe, ambaye ukikohoa unatoa hotuba!

Nimemwuliza mwalimu wa shule ya hapa juu ya swali lako la tisa. Kacheka mpaka kashika ukuta. Kwa hao wapima tabia, mtu wa ndani ni mkimya, anayechoka akikaa na watu. Wewe! Uliyewachekesha wafiwa matangani!

Na kumi na nne nimeiona leo, mlango wa choo cha zahanati. Nayo niitii? Nenda kaseme hukulielewa swali. Maneno mawili hayavunji jino.

Dada yako


11 Juni

Dada,

Shikamoo. Afya njema, kiburi ndicho kinauma. Nilishamtambia kila mtu kwamba nilimaliza wa kwanza. Jana nilijaribu kusema hayo maneno mawili peke yangu, sauti ikatoka kama bawaba kavu. Nikaogopa. Je, kama nimeshakuwa wa ndani kweli?

Mdogo wako


30 Juni

Dada yangu kipenzi,

Shikamoo! Ya mama mpigie kelele asikie. Nimesema! Niliukamata ule mkono wenye pete, nikauambia: "Sikulielewa swali." Ukatulia. Kisha sauti tunduni: "La tisa?"

Dada, naye vilevile! Saa kumi milango ilipofunguliwa, tukaenda wawili kwa mama msimamizi. Akatuita wote wa stoo za chini, watu saba. Watano tulitia tiki kwa sababu ileile. "Sadfa ya ajabu!" akasema. Nikamjibu, "Si sadfa, mama. Ni Kiswahili."

Tutapimwa upya, hajasema lini. Kwa hiyo kila asubuhi narudi chini, ufunguo uleule. Ila mwenye pete ananisimulia harusi yake, nami nazikosoa nguo za wageni ambao sijawaona. Samahani kwa ufupi wa barua: ananigongea ukuta, ni zamu yangu kuongea.

Mdogo wako, Redio