Hamisi Hakufa Akitabasamu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute goti limepoa na mpunga umeshaanza kutoa masuke. Bibi anakula vizuri? Miye mzima wa mwili. Nimeandika kwa mkono kwa kuwa simu yako inasomwa na nyumba nzima. Mwenzangu Koplo Asha anakuja likizo, atakuletea mwenyewe hapo Mohoro.

Baba mdogo alinitumia video ya ule mkutano wa Kibiti. Niliitazama mpaka mwisho, nikatoka nje nikatapika. Mheshimiwa amesimama jukwaani anawaambia watu kwamba Hamisi wa kikosi chetu alikufa akitabasamu, bendera mkononi. Wanampigia makofi. Kando yake wamemkalisha mama yake Hamisi, wamemtoa Mtunda kwa gari, wakamvisha fulana yenye sura ya mheshimiwa juu ya baibui lake. Kaburi la mwanawe bado bichi, yeye kageuzwa bango la kuombea kura. Nasafisha vidonda vilivyooza kila siku huku, Mama, na sijapata kuona kinyaa kama kile.

Sasa baba mdogo ameahidi kwamba nikija likizo na miye nitapanda jukwaani nieleze, maana nilikuwepo. Kweli nilikuwepo. Ndiyo maana sipandi.

Ilikuwa hivi. Tulikwenda kuhamisha wagonjwa kwenye zahanati ya kijiji kimoja huku milimani, wengi wao wanawake waliotoka kujifungua. Tukiwa tunawapakia, waasi wakaanza kutupiga risasi kutoka juu. Njia ya kutokea ni moja, inapita darajani, na darajani hakuna pa kujificha. Sajenti akasema lazima mtu abaki na bunduki kubwa nyuma ya ukuta wa zahanati, awazuie mpaka magari yavuke.

Hamisi akasema, "Nitabaki miye. Lakini msikawie kunirudia."

Nilipompita kwenda garini akaniambia kwa sauti ya chini, "Zuhura, naogopa. Nendeni upesi."

Tukavuka. Wagonjwa wote wakavuka, hata kichanga kilichozaliwa asubuhi ile. Gari la deraya lililorudi kumchukua likanasa kwenye tope, ikabidi tushuke twende kwa miguu. Tulipofika waasi walikuwa wameshaondoka. Hamisi alikuwa ameegemea ukuta, risasi imemwingia tumboni. Bendera hakuwa nayo. Alikuwa na matapishi kifuani na analia kama mtoto.

"Mbona mmekawia?" akaniuliza.

Nikamwambia gari limenasa, lakini watu wote wamevuka.

"Na yule mtoto?"

"Na mtoto."

Nikajaribu kuziba damu, haikuzibika. Nikamtamkisha shahada. Alianza nayo vizuri, mwisho ikamshinda, nikammalizia miye.

Huyo ndiye Hamisi. Alibaki huku anaogopa, na ushujaa wake ulikuwa hapo. Mheshimiwa amemwondolea hofu yake na machozi yake kama mtu anayepara samaki, akabakisha kinachomfaa mezani kwake. Nachukia. Nachukia zaidi kwamba watu wetu walipiga makofi.

Mwambie baba mdogo sitapanda jukwaa la mtu yeyote. Akinuna, na anune. Wewe goti likikuruhusu, nenda Mtunda, mkae wawili chumbani, umweleze mama Hamisi yote niliyokuandikia, hata kulia kwake. Asipotaka kusikia, usimlazimishe. Nitakuja nikae naye tu.

Nisalimie bibi, na shangazi wa Ngarambe, na kaka Rajabu anayeshinda shambani kuamia ndege wasile mpunga. Baba mdogo naye umpe salamu zangu. Ni baba yangu, ugomvi hauondoi hilo.

Akikuuliza mama Hamisi kama mwanawe alikuwa peke yake, mwambie hapana. Mwambie kichwa chake kilikuwa pajani kwangu, na kabla hawajamfunika nilimwosha uso.

Mwanao,
Zuhura