Ringi za Baiskeli Yetu ya Watu Wawili

Baba Salma,

Shikamoo. Sijui kuanza kukusemesha bila salamu, hata sasa.

Nimeitoa baiskeli stoo. Ile yetu ya watu wawili, mimi mbele nimeshika usukani, wewe nyuma unakanyaga na kuniuliza tumefika wapi. Tangu tukuzike ilikuwa imeegemezwa nyuma ya magunia, na mvua imekuwa ikivuja palepale. Ringi zote mbili zimeliwa na kutu. Nilibonyeza ya nyuma kwa kidole gumba, kidole kikatokea upande wa pili. Nikakaa chini nikalia. Halafu nikachukua kitambaa nikaanza kuifuta.

Salma alipiga simu kutoka Mtwara. "Mama, si uwape tu watu wa chuma chakavu? Utaiendesha na nani?"

Nitaiendesha na dada yako.

Ndiyo, wifi Rukia. Yuleyule aliyekuwa akinisema mbele za watu kwamba nambeba kaka yake barabarani kama gunia la mihogo. Macho yake yamekwenda njia ileile ya macho yako, presha ya macho imeyapofusha. Salma naye nilimlazimisha akapimwe, yuko salama, usiwe na wasiwasi. Lakini Rukia alikuwa anashinda ndani kule Lupaso, korosho zake zinaokotwa na majirani. Bodaboda anaiogopa, anasema akipanda bila kuona anahisi anaanguka muda wote. Siku niliyokwenda kumjulia hali alinishika mkono, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama Salma, ile baiskeli yenu bado ipo?"

Ningemjibu nini, mume wangu?

Nikaenda Masasi mjini kwa fundi. Alikuwa na magurudumu mapya, mepesi, yanang'aa, spoku zimeshafungwa. Alikuwa pia na ringi tupu za chuma, zile za baiskeli za mizigo, nzito, ambazo lazima zisukwe spoku mojamoja. Fundi hakunificha: "Yale mepesi ni ya mtu mmoja, mama." Nilikuwa na haraka. Nikachukua yanayong'aa.

Hayakufika mbali. Nilimpakia Rukia, na kwenye mteremko wa kwanza, nilipokata kona, gurudumu la nyuma lilijikunja kama chapati. Tukaanguka wote wawili. Watu wakajaa. Mzee mmoja akasema basi inatosha, wanawake wazima hawa waache michezo. Mimi nilikuwa namtazama Rukia tu, nikisubiri anitukane. Alikaa kwenye vumbi, akakipapasa kiwiko chake, akasema, "Nimechubuka kidogo. Hayo magurudumu mrudishie mwenyewe, utafute mengine."

Mengine! Nilicheka hadi nikashindwa kuinuka.

Basi nikarudi kwa fundi. Ringi za chuma zinauzwa mbili mbili, ya mbele ina matundu machache, ya nyuma ina mengi kwa sababu ndiyo inayobeba. Habu za baiskeli yetu, vile vikombe vya katikati spoku zinapoanzia, zote mbili zina matundu mengi. Fundi akasema mbele tunaweza kubadili habu tuweke ringi ya kawaida ya matundu machache, usukani utakuwa mwepesi. Nikaufikiria ule mteremko, watu wazima wawili, ndoo ya korosho, nimekamata breki. Nikamwambia hapana. Nipe ringi mbili za nyuma, moja uifunge mbele, na tairi nene. Usukani mzito nitauzoea.

Akazisuka. Alipomaliza niliinyanyua baiskeli kama ulivyokuwa ukifanya wewe, nikafumba macho, nikasogeza ukucha karibu na ringi, nikalizungusha gurudumu. Wewe ulikuwa unasema ringi iliyopinda inajitaja yenyewe. Nilisikiliza sana. Haikugusa popote. Hapo... hapo nilitaka kugeuka nikwambie.

Jana tumefika shambani kwa Rukia. Mapaja yananiuma hadi leo. Alivua viatu, akawa anatafuta korosho kwa nyayo, akiikanyaga moja anainama anaiokota. Nilimwambia apumzike, akanijibu, "Nimepumzika mwaka mzima, niache."

Nakuaga hapa, Baba Salma, ananisubiri. Sijaacha kukulilia. Uzito ulio nyuma yangu si wako, na kila tukikata kona mwili wangu unalijua hilo. Lakini baiskeli hii haitauzwa maadamu miguu yangu inakanyaga. Korosho zikiisha tutapandisha hadi Kitangari, kwa shangazi yenu, ambaye ugonjwa ulimzuia kushuka kuja kukuzika. Nakuahidi. Palipo na mwinuko mkali tutashuka, tutasukuma, kisha tutapanda tena.

Mkeo,
Mama Salma