Mashuka Mia Mbili Nyuma ya Mgongo wa Bosi

Shoga, uko wapi? Nimejifungia stoo ya sabuni hapa kazini kwa hasira.

Unaukumbuka ule mfumo mpya wa Bosi? Kila shuka limeshonewa chipu, na kifaa cha mlango wa mbele kinahesabu yanayoingia kufuliwa. Nilimwambia, kabla hujanunua waulize akina mama wanaofua. Akanijibu, "Dunia inakwenda mbele, wewe umeng'ang'ania daftari."

Leo meneja wa hoteli tunayoifulia kaja mwenyewe kuulizia mashuka yake mia mbili. Bosi kamgeuzia kompyuta: "Hayajafika hapa. Yako kwenu. Mfumo haudanganyi."

Haudanganyi!! Na nyuma ya mgongo wake, dirishani, mashuka yote mia mbili yanapepea kambani, nembo ya hoteli imechapwa kubwa kama sinia.

Meneja alinyoosha kidole tu.

Bosi akageuka, akapayuka, "Yamepitia wapi?" Bibi, yule mfuaji wetu mkongwe, akasema taratibu, "Mlango wa nyuma, mwanangu. Ndio ulio karibu na mashine. Tunapita huko tangu enzi za baba yako."

Nikadhani sasa atahamishia kifaa mlango wa nyuma. Skrubu nne tu, shoga. Nne!

Wapi! Ameagiza mlango wa nyuma upigwe kufuli. Akina mama wazunguke jengo zima na mizigo kichwani, ili kompyuta iwaone.

Na ufunguo kanikabidhi mimi. Ninao hapa mkononi, na akina mama wanagonga mlango wa nyuma.