Baraka ya Bibi Imewekwa Chini ya Uchawi

Jumanne, Julai. Ukungu umeufunika mlima Meru tangu asubuhi na vidole vimekufa ganzi, lakini hofu yangu si ya baridi.

Mwalimu wa Kiingereza ametuagiza kila mmoja atafute maktabani kitabu kinachotaja desturi ya kwao. Kesho tutasimama mbele ya darasa, tusome kichwa cha kadi yake katika orodha ya maktaba, halafu tueleze. Mimi, ambaye hata kuitikia jina langu ni kazi!

Nilivuta droo ya kadi, pale chini ya picha ya Malkia wa Uingereza. Nikatafuta Wameru. Hakuna. Nikatafuta Arusha: kahawa na uwindaji, basi.

Bwana Elinaja, mtunza maktaba, akacheka. "Mwanangu, hapo hujipati. Tafuta Washenzi."

Nilidhani ananitania.

Ipo. Imepigwa taipu vizuri, kwa Kiingereza: Washenzi, tazama Wenyeji. Nikaenda Wenyeji: tazama pia Uchawi, tazama pia Vibarua.

Tazama pia Vibarua!

Chini ya Uchawi nikapata kitabu, na ndani yake habari za wazee wa mlimani wanaowatemea watoto mate. Eti wanafukuza mashetani. Jamani, ile ni baraka! Nilipokuwa naondoka kuja shule, bibi alinitemea kifuani akasema, "Nenda, Mungu akukuze." Bibi huyo huyo anayefagia kanisa kila Jumamosi.

Naungama hapa tu: nilikifunga haraka nisionekane. Nilimwonea bibi aibu. Kwa kitambo niliiamini kadi kuliko yeye.

Eliaika, Mchaga ninayekaa naye dawati moja, alishachungulia. "Ee, Mmeru! Kumbe kwenu wachawi? Kesho usinitemee, tafadhali!"

Nikamfungulia ukurasa uliofuata. Wachaga nao wamo.

Akaufuata mstari kwa kidole. Kisha akasema polepole, "Hata sisi?"

Nilimwuliza Bwana Elinaja kama kadi inaweza kuandikwa upya. "Hata mimi siruhusiwi kuzitia kalamu," akasema. "Kitabu chukua."

Kipo hapa chini ya mto wangu. Kesho nitasoma kichwa kile cha Uchawi kama kilivyo, kwa sauti, halafu nimwambie Mwalimu mbele ya wote kwamba kimekosea. Neno la baraka nalijua kwa Kiingereza.