Ubao wa Jikoni Ulio Juu ya Mukima

Njeru,

Baba yako amemwita mtu wa msumeno wa injini. Anakuja Jumamosi asubuhi kuangusha ule mti wa mukima. Leo ni Alhamisi, chifu ametoka kwenda kula, nami ninakuandikia kwenye karatasi ya ofisi huku nikitazama mlango.

Droni yetu bado iko juu. Hakuna aliyeiona, majani ya kile kishungi cha kileleni yameifunika. Lakini upepo ukivuma, propela moja huzunguka na kugonga tawi. Mama yako huisikia. Nilipopita kuwasalimu wiki iliyopita aliniuliza, "Mwenda, wewe umesoma. Ni mdudu gani huyo analia mchana?" Nikasema sijui. Alikuwa anakata kabichi juu ya sinia. Akaniambia hata leo hajajua ubao wake wa kukatia mboga ulienda wapi.

Ulienda juu ya mti, Njeru. Unakumbuka ulivyouchukua jikoni tulipokosa pesa za kununua fremu ya droni? "Plastiki ni plastiki," ulisema, ukauchora kwa kalamu yangu na kuukata kwa msumeno wa chuma. Alama za kisu chake zilibaki kwenye mikono yote minne ya droni. Miwani ya kuonea picha za kamera ya droni ilikuwa kuukuu, tuliitoa Meru mjini, na mkanda wake ulikuwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kabla ya hapo, kwa miezi mitatu, tulikuwa na rimoti tu na hatuna cha kurusha. Tulijifunzia kwenye kompyuta yangu kwa shangazi, kule Kaaga, kwa sababu ulisema ukianguka ndani ya kompyuta hununui vipuri. Nilianguka zaidi kuliko wewe. "Karani, unaendesha kama mtu anayetafuta muhuri." Ulinicheka mpaka shangazi akaja kuuliza kama tuko sawa.

Kanuni yetu ilikuwa moja. Mwenye miwani haoni mahali aliposimama, anaona kile droni inachoona. Kwa hivyo mwingine husimama nyuma yake, akamshika bega, akamwambia kinachokuja. Sikuwahi kurusha bila mkono wako begani.

Siku ile ulinishika bega. Ulisema, "Shusha, Karani, mti, shusha." Mimi nikiogopa hupandisha. Nilipandisha, ikanasa kileleni mwa mukima wenu.

Ulivua gambuti ukacheka. Ulijua kupanda mikima tangu utoto, kwenu hukata matawi yote yakabaki visiki vya kukanyaga hadi juu. Nilikuambia tutafute fimbo ndefu tuiangue. Nadhani nilikuambia. Nimejiuliza mara nyingi na siwezi kuapa. Ninachojua ni kwamba sikuvua miwani. Kamera ilikuwa bado inafanya kazi, na nikaona ni busara nikuelekeze kwa kutazama picha. Niliona majani. Niliona vidole vyako. Nikasema, "Bado kidogo. Panda tawi moja." Hicho hakikuwa kisiki cha zamani, kilikuwa tawi bichi, na wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba mukima mbichi huvunjika bila kulia. Kisha uso wako ukatokea mbele yangu, mkubwa, ukicheka, na jasho puani.

Halafu mawingu tu.

Nilingoja uso urudi. Njeru, nilisimama pale na miwani usoni nikingoja urudi kwenye picha. Nilisikia kishindo nyuma ya miti ya kahawa na bado nikangoja.

Na hili sijamwambia mtu. Kabla ya kupiga nduru, nilitia miwani na rimoti kwenye begi na kufunga zipu. Hatukuwa na kibali cha kurusha, na mimi ni mtu wa ofisi ya serikali. Niliwaza hivyo ukiwa umelala hatua chache kutoka kwangu. Sijui kama ulisikia ile zipu.

Siku ya pili baba yako alikuja hapa kuchukua barua ya mazishi. Alisimama mbele ya meza hii. "Andika mimi ndiye nilimtuma kukata matawi," akasema. Ni kweli alikuwa amekuambia asubuhi, nawe ukamjibu, "Kesho, mzee." Panga lilikuwa limening'inia jikoni siku nzima. Lingetosha kuwa ushahidi kwamba hukwenda kukata matawi, kwa yeyote aliyetaka kulitazama. Chifu akasema niandike, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: alianguka akikata matawi kwa agizo la babake. Nikapiga muhuri. Baba yako alinishukuru.

Sasa mama yako hamwiti tena Baba Njeru. Anasema "huyo". Chakula chake humwekea kwenye kizingiti cha stoo, kwa sababu huko ndiko anakolala. Siku niliyopita baba yako alikuwa amekaa chini ya mukima na jembe mapajani, halimi. Ameanza kukonda shingoni. Aliniambia, "Nikiuangusha labda ataniangalia."

Mama yako hataangalia mti. Mti ukilala chini ataona ubao wake. Anazijua zile alama za kisu kama ninavyoujua muhuri huu. Ataelewa kwamba hukupanda kukata matawi, na atauliza ni nani aliyeirusha droni hiyo. Nimewaza niende kesho nikautoe. Nimewaza pia nipande basi leo nirudi kwa shangazi. Nimekwisha kuandika ombi la likizo, liko hapa chini ya karatasi yako.

Nimelichana sasa hivi. Vipande viko kwenye pipa la taka.

Jumamosi nitafika kabla ya mtu wa msumeno. Nitabeba begi lile lile. Nitamwita baba yako atoke stoo, nimwite mama yako kutoka jikoni, na nitaifungua zipu mbele yao. Nitasema ni mimi niliyesema tawi moja. Kisha nitamwandikia chifu barua nyingine, iliyo ya kweli, anifanyie atakavyo.

Upepo umeanza huko nje. Kwenu nao bila shaka umefika, na mama yako anasikiliza.

Kwaheri, rafiki yangu. Hakutakuwa na mkono begani, najua. Nitakwenda bila miwani.

Karani wako,
Mwenda