Akiba ya Macho ya Mama Skola

Jumatatu, 7 Julai
Chai bila sukari tena. Mama Skola ameinywa bila kulalamika, ila amekunja uso kama anayemeza kwinini. Jicho lake la kulia limefunga ukungu kabisa. La kushoto linafuata. Daktari wa Mpanda alisema apasuliwe kabla ya mvua. Binti yetu Skola, aliyeolewa huko mjini, atatoa nusu ya gharama. Nusu yetu itatoka katika mayai na katika kujinyima. Mpunga uliobaki ni chakula, hauuzwi.

Nimeipangia nyumba utaratibu wa Kwaresima, ingawa si Kwaresima. Mimi ni katekista mstaafu. Kufunga ndiyo njia ninayoijua.

Ijumaa, 11 Julai
Nimefuta pia mpira wa Jumapili. Kiingilio cha watu wawili, soda mbili, sambusa. Ni anasa. Mama Skola anapenda mpira kuliko vijana wenyewe wa hapa kijijini Usevya. Hushangilia hadi naona haya mbele ya waumini. Nilipomwambia, aligeuza uso kunielekea. Kisha: "Sasa Baba Skola, hayo macho unanitafutia ya kutazama nini?"
Nilidhani ni hasira tu.

Jumapili, 13 Julai
Ibada. Ugali na mlenda. Mchana mrefu. Kelele za uwanjani zilitufikia hadi uani. Alikaa mlangoni, ameelekeza sikio huko. Kibubu kimeongezeka uzito. Sikufurahi.

Jumatano, 16 Julai
Anaitikia sala. Zaidi ya hapo, hanisemeshi.

Jumapili, 20 Julai
Niliporudi kutoka kumtembelea mgonjwa, nyumba ilikuwa tupu. Mkongojo wake haupo. Njia ya kwenda uwanjani ina mfereji. Nilikwenda mbio, kwa umri huu.

Nilimkuta salama, nje ya kamba ya uwanja, peke yake, amekaa juu ya khanga yake. Mpira ulikuwa upande wa magharibi. Yeye alitazama mashariki, penye goli tupu. Watu waliposhangilia, naye alishangilia. Kwa sauti tu. Hakuwa anaona chochote.

Sikujua kwamba imefikia huko. Alinificha, kwa kuwa nilikuwa nikihesabu kila kitu.

Nilikaa kando yake. Akanitambua kwa kikohozi. Akasema, bila kugeuka, "Katekista, watoto wangapi uliwafundisha kwamba Jumapili haifungwi? Hata Kwaresima yenyewe Jumapili haifungwi."
Ni kweli. Nimelifundisha hilo ujana wangu wote. Nyumbani kwangu nikalisahau.

Nimeona aibu. Nimemwomba radhi pale pale.

Jumatatu, 21 Julai
Utaratibu mpya, tumeupanga pamoja. Siku sita tunabana. Jumapili tunakunywa chai yenye sukari na kwenda mpirani. Tutakaa kwenye kichuguu kilicho nje ya kamba, hapo hapalipiwi. Chai tutabeba katika chupa. Karanga ni za shamba letu. Soda basi. Pengo lililobaki nitaliziba kwa kuacha ugoro. Hakuniomba. Kichwa kinagonga tangu asubuhi.

Jumapili, 27 Julai
Nimemsimulia mchezo wote. Sikuwahi kuujua mpira, sasa nalazimika.
"Mwenye jezi nyekundu amempa mwenzake."
"Mwenzake yupi?"
"Yule mfupi. Ameanguka. Amesimama. Anamlalamikia mwamuzi."
"Baba Skola, mpira uko wapi?"
Mpira nilikuwa nimeusahau. Vijana waliokuwa chini yetu waligeuka. Mmoja akawaita wenzake, "Nyie, njooni msikie mtangazaji!" Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama Skola alicheka kuliko wote, mkono wake juu ya goti langu. Nilicheka pia. Hatukutumia hata senti. Sikumbuki Jumapili nyingine iliyonifaa hivi.

Jumatano, 6 Agosti
Kibubu tulikivunja jana. Fedha zimetosha, kwa shida. Leo basi la kwenda Mpanda. Barabara inakatiza hifadhini. Wageni hulipa fedha nyingi kuona tulichokiona kwa nauli. Darajani alitambua harufu ya viboko kabla sijasema neno. "Ni wengi?" Nikamwambia wamelaliana matopeni kama magunia. Akatabasamu. Mikono yake ilikuwa baridi.

Ijumaa, 8 Agosti
Wamemwingiza saa nne. Rozari imenitoka mkononi mara mbili. Naogopa. Siogopi kifo chake, Mungu anajua siku. Naogopa kwamba atatoka mle angali gizani, na wiki zile mbili za mwangaza wake wa mwisho nilizitumia kumnyima.
Saa sita. Ametoka. Bandeji. Amelala.

Jumapili, 17 Agosti
Bado tupo kwa Skola. Jicho lililopasuliwa limepona. Daktari ameruhusu kazi nyepesi. Baada ya Misa nimemkuta uani, ungo mapajani, anachagua mchele. Chuya upande mmoja, mawe upande mwingine. Vidole vinakwenda bila kupapasa.

Mwaka mzima nimekula mawe katika wali wake. Niliyameza, au niliyatoa taratibu kwa ulimi. Sikumwambia. Sitamwambia.

Nimekaa kizingitini. Hakuniita kumsaidia. Mchana tumekula wali na maharage. Nimetafuna kwa nguvu zangu zote.