Mwenyekiti Kaniambia Nifute Maoni ya Mama Euphrasia

Paska, sikia haya! Mwenyekiti kanifokea mbele ya ofisi nzima.

Unaijua ile tovuti ya chama chetu cha wachimbaji, ninayoiendesha mimi. Ilikuwa picha za viongozi tu, haifunguliwi na mtu. Juzi nikaweka sehemu ya kuuliza na kutoa maoni. Mayu wee, watu walivyomiminika!

Sasa leo asubuhi Mama Euphrasia, yule anayepika chapati machimboni, kaandika: "Matimba yanayozuia kuta za duara la mwenyekiti yameoza. Mume wangu anashuka shimo hilo kuchimba. Mnasubiri limfukie?"

Mwenyekiti kaja mbio. "Futa hayo maneno!"

Nikasema, "Shikamoo baba. Mjibu kwanza."

"Nimesema futa! Tovuti ni ya kututangaza, siyo ya kutuchamba!"

KUTUCHAMBA, Paska! Mtu anaulizia uhai wa mumewe, eti anatuchamba!

Nikamwambia sifuti. Nikayapandisha maoni yake juu kabisa ya ukurasa, yeye kasimama hapo hapo anatazama. Chini nikaandika: "Aliyeshuka duara hili aseme alichoona."

Wakasema! Wengine wakatuma na picha za magogo yaliyopasuka. Hadi mchana hakuna aliyekubali kushuka, ikabidi mwenyekiti alifunge duara mpaka matimba yabadilishwe.

Halafu kanigeukia: "Na wewe Sesilia, kazi basi."

Nikamjibu, "Sawa baba. Yaandike hayo kwenye tovuti, watu watoe maoni."

Kaondoka zake, Paska, na barua ya kunifukuza hajaandika. Kesho naenda kazini kama kawaida.